Maswali ya Wasomaji: Nani Avae Jezi ya Kaunti?

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu halingi, mchezo wa magongo wa Ayalandi, hasa namna makocha wa kaunti wanavyochagua na kupanga vikosi vyao. Zilizofanana tumeziunganisha. Kwa anayeanza kuufuatilia mchezo: kila upande una watu 15. Mpira ukipita chini ya mwamba ni goli, nalo lina thamani ya pointi 3. Ukipita juu ya mwamba kati ya nguzo ni pointi 1. Matokeo huandikwa magoli kwanza, kwa hiyo 1-18 ni goli 1 na pointi 18, jumla 21. Jezi namba 1 ni ya kipa, 2 hadi 4 mabeki wa mwisho, 5 hadi 7 mabeki wa mbele yao, 8 na 9 viungo, 10 hadi 12 mstari wa kwanza wa ushambuliaji, na 13 hadi 15 ni wale wanaocheza karibu na goli la wapinzani. Mechi za wakubwa za kaunti ni dakika 70.

Ndugu mhariri, kikosi hutangazwa siku moja au mbili kabla ya mechi. Siku yenyewe namwona aliyevaa 14 anacheza kiungo. Zile namba zina maana gani basi?

Zinaonyesha asili ya mchezaji, hazimfungi. Kocha ana ruhusa ya kubadili kikosi hadi siku ya mechi, na wengi hutangaza majina ambayo hawana nia ya kuanza nayo ili wapinzani wasijue nani atamkaba nani.

Ukitaka kusoma mpangilio halisi, refa anaporusha mpira kuanza mechi usiutazame mpira. Tazama mabeki watatu wa mwisho na uone kila mmoja amesimama na nani. Kisha hesabu washambuliaji walio ndani ya mstari wa mita 45 upande wanaoshambulia. Wakiwa wawili badala ya watatu, wa tatu ameshushwa, na huko nyuma kuna beki wa timu pinzani asiye na mtu wa kumkaba. Mtafute huyo beki. Anachofanya na uhuru wake ndiyo habari kubwa ya kipindi cha kwanza, na magazeti ya Jumatatu mara nyingi huipita.

Makipa wengine wanapiga mbali kila mara, wengine wanampa beki aliye karibu. Ipi bora, na je, inagusa uchaguzi wa wachezaji?

Inaugusa kuliko kitu kingine chochote. Kocha anayeandika majina kabla ya kuamua mpira wa kipa wake utaangukia wapi ameanza kazi kinyumenyume. Kila pointi ya wapinzani, kila goli lao na kila mpira wanaoupoteza nje humrudishia kipa wako mpira. Fainali ya ubingwa wa Ayalandi nzima ya 2023, kaunti ya Limerick waliwafunga Kilkenny 0-30 kwa 2-15. Maana yake Eoin Murphy, kipa wa Kilkenny, alirudishiwa mpira karibu mara 30 kwa sababu ya pointi peke yake, kabla hujahesabu mipira iliyotoka nje. Hakuna nafasi nyingine katika halingi inayojirudia kiasi hicho huku mpira ukiwa wako na umesimama.

Tuanze na mpira mrefu. Kipa mwenye nguvu hupiga zaidi ya mita 80, na mpira hukaa angani muda wa kutosha watu wanne au watano kukusanyika chini yake. Mara nyingi haudakwi. Unaguswa na gongo au mkono, unaanguka, na anayeupata ni yule aliyejipanga kuusubiri mpira wa pili. Mpangilio tunaoupendekeza ni huu: mlengwa mmoja, namba 10 au 12, asimame kama mita 15 kutoka mstari wa pembeni. Akikaribia mstari zaidi ya hapo, mpira ukiguswa tu unatoka. Yeye peke yake ndiye anayeruka. Kiungo mmoja akae mita 5 au 6 upande wa goli letu, kwa sababu beki wa wapinzani akishindwa kudaka huupiga mpira urudi ulikotoka. Namba 11 aingie nyuma ya mlengwa, mita 8 hadi 10 upande wa goli la wapinzani, kuokota unaoteleza. Winga wa upande wa pili abane ndani hadi katikati ya uwanja. Kiungo wa pili abaki mita 15 nyuma ya kundi zima na asishawishike kuingia. Yeye ndiye kinga ikiwa mpira utapotea.

Makosa yanayoharibu mpango huu yanajulikana. Watu wawili wa timu moja kuruka pamoja, hivyo mmoja amepotea kwenye mpira wa pili. Waokotaji kusimama wakisubiri badala ya kufika wakikimbia. Aliyesimama hushindwa hata na mtu mfupi anayekuja kwa kasi. Na namba 13 au 15 kusogea kuona kinachoendelea: amemleta mkabaji wake, na nafasi ambayo namba 11 angeikimbilia imejaa.

Ndipo uchaguzi unapoingia. Mpira mrefu unataka 10 au 12 mrefu, mwenye mkono usioogopa magongo, na kando yake watu wawili wanaoweza kuinua mpira kutoka ardhini kwa gongo bila kupunguza mwendo. Kumbuka sheria haimruhusu mchezaji kuuokota mpira ardhini kwa mkono, kwa hiyo anayesimama kuinua amekwisha kuzingirwa. Gearóid Hegarty na Tom Morrissey walidumu kwenye mstari huo wa Limerick kwa sababu walimpa kipa wao, Nickie Quaid, mahali pawili pa kupiga. Ukimkaba mmoja kwa watu wawili, mpira unaenda kwa mwingine.

Mpira mfupi ni kazi nyingine na watu wengine. Namba 2 na 4 hufunguka hadi karibu na mistari ya pembeni, kipa humpa mmoja wao, yeye humpa namba 6 anayeshuka, na pasi ya tatu ndiyo inayokwenda mbali, ya mshazari, mita 40 hadi 50, hadi kifuani kwa namba 13 au 15. Faida ni kwamba pasi ya mwisho hupigwa na mtu anayeona uwanja wote. Hasara ni kwamba kosa la pasi ya kwanza au ya pili hutokea mita 30 kutoka goli lako, na adhabu ya kosa la hapo ni pointi 3. Beki wa pembeni anayekaba vizuri lakini anahitaji sekunde mbili kabla ya kupiga hafai kwa mpango huu, hata kama hajawahi kupitwa. Hapo ndipo mashabiki hulalamika kwamba kocha amemwacha beki bora nje. Hajamwacha kwa ukabaji wake. Amemwacha kwa mguso wake wa kwanza.

Je, unabadilisha lini? Mpe kipa alama moja tu ya kutazama. Mpira unapowekwa, wapinzani lazima wawe nje ya mstari wa mita 20, na kipa anawaona. Namba 13 na 15 wao wakiwa ndani ya mita 5 za mabeki wako wa pembeni, njia fupi imefungwa, na ikiwa wamesogea hivyo basi kuna pengo nyuma yao, kwa kawaida mbele ya viungo. Mpira uende huko, usawa wa kifua, mita 50 hadi 60. Kipa asiye na pigo hili la katikati, anayejua fupi na ndefu tu, hukabwa kirahisi ifikapo dakika ya 20.

Kuna faida ya kumweka beki wa ziada nyuma? Wengine wanasema ni woga.

Si woga, ila ni mkopo unaolipwa. Ukimshusha mtu nyuma umewapa wapinzani mtu huru pia, na wao ndio wanaochagua nani awe huru. Kama huyo ni mpigaji wa mbali, kama Diarmaid Byrnes wa Limerick, mpira wako wa kuokoa unamfikia akiwa peke yake mita 70 kutoka goli na unarudi ukiwa pointi.

Waterford chini ya kocha Derek McGrath waliutumia mfumo huu mfululizo, Tadhg de Búrca akiwa mtu huru mbele ya goli, na wakatwaa Ligi ya Taifa ya 2015. Wexford ya kocha Davy Fitzgerald iliutumia pia ikabeba ubingwa wa mkoa wa Leinster wa 2019. Mwaka 2025 Tipperary waliwashangaza Cork kwenye fainali kwa kumweka Bryan O'Mara awe beki wa ziada. Mapumziko Tipperary walikuwa nyuma kwa pointi 6, 1-16 kwa 0-13. Mechi iliisha 3-27 kwa 1-18, yaani Cork walipata pointi 2 tu kipindi cha pili. Beki mmoja hakufanya yote hayo: kulikuwa na penalti na kadi nyekundu dhidi ya Cork, na Tipperary waliwafunga magoli matatu. Lakini njia ya kati, ambako Cork walikuwa wamezoea kupenya msimu mzima, ilikuwa imezibwa.

Ukiuchagua mfumo huu, angalia mambo matatu kwenye orodha yako ya majina. Mtu huru awe msomaji wa mpira, si mkabaji hodari. Mkabaji hodari mpe mtu wa kumkaba. Washambuliaji wawili waliobaki mbele wawe na mbio za pembeni, maana mpira wa juu katikati ya mabeki watatu hawatauona. Na namba 5, 7, 8 na 9 wawe wafungaji wa mita 60 na zaidi. Timu isiyo na wafungaji wa mbali ikicheza na washambuliaji wawili huishia kufunga pointi 15, na kwa halingi ya sasa pointi 15 hazishindi kitu.

Kosa la kawaida: mtu huru kujirudisha karibu mno na kipa. Akiwa ndani ya mita 20 anaokota tu mipira iliyokufa. Mahali pake ni kati ya mita 30 na 40, kwenye njia ya pasi inayokwenda kwa namba 14, ili mpigaji aione na aghairi.

Mpigaji wetu wa mipira ya adhabu hafanyi kitu kingine uwanjani. Aanze?

Hesabu kwanza. Chukua mechi zenu tano za mwisho na andika adhabu zote mlizopewa ndani ya mita 65, pamoja na ile mipira ya mita 65 yenyewe, inayotolewa beki wa wapinzani anapoutoa mpira nyuma ya mstari wa goli lake. Tuseme ni 9 kwa mechi. Mpigaji wako anafunga 8, wa pili wake anafunga 6. Tofauti ni pointi 2. Sasa jiulize kama mwenzake atakayekaa benchi angeleta pointi 2 kwa kufunga, kupokonya au kupata adhabu. Mara nyingi jibu ni ndiyo, na hapo mpigaji akae benchi. Ikiwa tofauti ni pointi 4, aanze bila mjadala.

Lakini usimtafute mpigaji mbele tu. Byrnes alikuwa beki, namba 5, na alipiga adhabu za mbali huku washambuliaji wakipiga za karibu. Mgawanyo huo una mantiki: pigo la mita 80 na pigo la mita 30 kutoka pembeni ni ufundi tofauti. Kuhusu mipira ya pembeni, ambayo hukatwa kutoka ardhini, Joe Canning wa Galway alifunga minne katika nusu fainali moja dhidi ya Limerick mwaka 2020. Kaunti nyingi hazina mtu wa namna hiyo, na ni afadhali waipige fupi kwa kiungo aliye huru.

Namna ya kumpima: mapigo 20 kutoka sehemu 5, baada ya mbio tatu za mita 40 ili moyo uwe unadunda. Mpigaji anayefunga 18 akiwa amepumzika na 13 akiwa anahema ni mpigaji wa mazoezini. Tafuta anayefikia 16 akiwa amechoka.

Magoli au pointi? Kocha wetu anasema magoli hayana haja.

Limerick walishinda fainali za 2020 na 2023 bila goli hata moja, zote kwa 0-30. Kwa hiyo inawezekana. Ila namba 14 asiyetishia kwenda golini humruhusu beki wake kusimama mbele yake na kukata kila pasi, na pointi za mbali nazo hupungua kwa kuwa mabeki wanatoka kuzikabili bila hofu. Tafuta nafasi mbili tatu za goli kila kipindi hata kama hazitaingia. Kocha wenu amesema nusu ya jambo.

Mdogo wangu ana miaka 19, yuko kwenye kikosi cha mazoezi cha kaunti. Kocha anatazama nini anapochagua kijana badala ya mkongwe?

Tukupe mfano uliojulikana Ayalandi nzima. Mwaka 2013 Clare na Cork walitoka sare kwenye fainali, 0-25 kwa 3-16. Kwa mechi ya marudiano Davy Fitzgerald, wakati huo kocha wa Clare, alimwanzisha Shane O'Donnell, mwenye miaka 19, na kijana mwenyewe alijulishwa siku hiyohiyo ya mechi. Alifunga 3-3, Clare wakashinda 5-16 kwa 3-16. Watu hukumbuka ujasiri wa kocha. Sisi tunaona hesabu yake. Mechi ya kwanza Clare walikuwa wamefunga pointi 25 bila goli lolote, maana yake mpira uliwafikia washambuliaji lakini hakuna aliyegeuka kwenda golini. Walihitaji mtu wa kazi hiyo, na mazoezini alikuwepo mmoja.

Kwa hiyo mdogo wako asijiulize kama ana kiwango. Ajiulize timu inakosa nini. Kisha afanyie kazi mambo ambayo makocha wa kaunti huyaandika kwenye daftari. Je, anapiga pande zote mbili, kushoto na kulia? Asiyepiga upande mmoja hukabwa kwa kusukumwa upande huohuo mechi nzima. Anapiga ndani ya hatua ngapi baada ya kudaka? Sheria inampa hatua 4 na mpira mkononi. Kwenye klabu hatua zote 4 anazipata, kwenye kaunti kwa kawaida anapata 2. Anapopoteza mpira anafanya nini sekunde tatu zinazofuata? Kumkimbilia mpigaji kwa nyuma na kulizuia gongo lake lisishuke ni kazi isiyoandikwa kwenye magazeti, na washambuliaji wengi vijana wenye vipaji huachwa kwa kukosa hiyo tu.

Mwambie pia asipuuze Ligi ya Taifa ya mwanzoni mwa mwaka. Ubingwa wa mkoa una ratiba iliyobana: Munster kila kaunti hucheza mechi 4 ndani ya wiki chache, na tatu za juu tu kati ya tano ndizo zinazosonga mbele. Kocha hajaribu watu wakati huo. Nafasi ya kijana iko kwenye ligi, na nyingine hutokea mkongwe anapoumia.

Benchi lipangweje?

Majina ya siku ya mechi ni 26, kwa hiyo benchi lina watu 11, na wanaoruhusiwa kuingia ni 5. Anayeingia kwa muda wakati mwenzake anafungwa jeraha linalotoka damu hahesabiwi. Weka kipa mmoja, mabeki wanne, viungo wawili, washambuliaji wanne. Wanaochoka mapema ni namba 10, 11 na 12, kwa sababu wao hupanda na kushuka kwenye kila mpira wa kipa wa pande zote mbili. Wawili wa kwanza waingie hapo, kati ya dakika ya 45 na 52, kabla uchovu haujaonekana kwenye ubao. Kocha anayesubiri hadi timu ipitwe kwa pointi 5 anamwingiza mtu kwenye mechi ambayo tayari inachezwa golini kwake.

Badiliko moja libaki mfukoni hadi dakika ya 63 hivi. Beki akiumia baada ya hapo nawe umemaliza matano, mnacheza 14.

Na tukibaki 14 kwa kadi nyekundu?

Toa namba 13 au 15, usimguse namba 14. Lazima abaki mtu wa kuushikilia mpira mbele, la sivyo kila mnachookoa kinarudi. Wapinzani watakuwa na beki huru. Kipa wenu aache kabisa kupiga mrefu katikati na atumie pembeni. Kuhusu kutolewa nje kwa muda, utaratibu ulioanza 2021 kwa faulo ya makusudi inayozuia nafasi ya wazi ya goli karibu na lango: ni penalti na dakika 10 nje. Dakika hizo shikeni mpira kwa pasi fupi na za mkono, msikimbilie kufunga. Penalti siku hizi ni mpigaji na kipa peke yao. Hadi 2015 mabeki wawili waliruhusiwa kusimama na kipa kwenye mstari, kwa hiyo mkongwe anayewaambia mlinde penalti kwa watu watatu anazungumzia sheria iliyokwisha.

Kaunti yetu haina kipa mzuri. Kwa nini isinunue?

Haiwezi. Wachezaji wa halingi ni wa ridhaa, hawanunuliwi wala kuuzwa, na mtu huichezea kaunti anayotoka au ile ambayo klabu yake imo. Chukueni beki mwenye pigo la mbali na macho mazuri, mwekeni golini kwenye mechi za ligi za mwezi wa pili, na anzeni na mipira mifupi hadi azoee.